Wageni wa Jana, Wenyeji wa Leo: Habari za Ujiji na Watu wa Ng'ambo ya Ziwa



Katika Ijumaa hii tumekusudia kuzungumza habari ya kwetu wenyewe, habari ya mji wa Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya kufika Ujiji hatuna budi kupita Madina kwa muda mfupi.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, aliwafungia undugu Muhajirina waliotoka Makka pamoja na Ansari waliokuwa wenyeji. Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye mali, aliunganishwa na Abdurrahman bin Auf ambaye alikuwa ameacha kila kitu Makka. Saad alimwambia kuwa yu tayari kumgawia nusu ya mali yake yote. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali hiyo, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Alianza na biashara ndogo ya samli na jibini, na haikupita miaka mingi akawa miongoni mwa matajiri wa Madina, tena mtoaji mkubwa ambaye wajane na maskini walikula kwa mali yake.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na anayesifiwa huwa ni Saad. Anastahili. Ila mwisho wa kisa nao una maana yake: yule aliyekuja mikono mitupu ndiye aliyekuja kuwa mlishaji wa wengine. Kwa ajili ya mwisho huo tunaitazama Ujiji.

Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858, waliletwa na njia ambayo misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kuifungua. Walikuta soko. Watu wa Uha walikuwa wakileta nafaka na mifugo, chumvi ilitoka Uvinza, mawese na samaki vilitoka mwambaoni, na wafanya biashara wachache wa pwani walikuwa na nyumba zao pale. Kutoka Ujiji mitumbwi ilivuka hadi Uguha, upande wa pili wa ziwa, na kutoka Uguha njia iliendelea kuelekea magharibi mpaka nchi iliyokuja kuitwa Manyema, penye mto Lualaba na miji ya Kasongo na Nyangwe. Kilichotafutwa huko ni pembe za ndovu. Pamoja na pembe walichukuliwa watu.

Yafaa tuseme hapa jambo ambalo mimbari zetu hulipita kwa haraka. Wengi wa walioiongoza misafara ile walikuwa watu waliosali na kufunga. Kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na mahali pale pana ukumbusho unaotazamwa na wageni hadi leo. Ni wachache wafundishwao yale ambayo Livingstone aliyaona Nyangwe miezi michache kabla ya hapo, tarehe 15 Julai mwaka huo huo. Ilikuwa siku ya soko, na sokoni walijaa akina mama waliokuja na bidhaa zao. Watu wa misafara wakawafyatulia bunduki, na waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walihesabiwa kwa mamia. Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na mwenye huzuni. Hatuwezi kuisimulia sadaka ya watu wa Ujiji bila ya kusema kwanza jinsi wengi wa wazee wao walivyofikishwa Ujiji.

Hata hivyo si wote waliovuka wakiwa wamefungwa. Walikuwamo wapagazi waliojiajiri, askari wa misafara, wanawake walioolewa na wafanya biashara, mafundi na wavuvi. Wagoma na Wabwari walivuka ziwa kwa mitumbwi yao wenyewe. Wabembe walikuwa na jamaa zao pande zote mbili. Kutoka bara walikuja Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengineo. Watu wa pwani waliwaita wote hawa kwa jina moja, Wamanyema, na jina walilopewa na wengine wakalifanya lao. Walilitembeza katika njia nzima ya misafara, Tabora, Bagamoyo na Dar es Salaam, ambako mpaka leo uko msikiti uitwao Msikiti wa Manyema.

Miaka ya 1892 hadi 1894 palikuwa na vita baina ya wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili kwa upande mmoja, na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa upande wa pili. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye Ujiji ilikuwa chini ya mkono wake katika miaka ya 1880, alishindwa mwanzoni mwa mwaka 1894 akarudi mashariki ya ziwa. Waliomfuata, na waliowakimbia washindi, walitua Ujiji. Miaka miwili baadaye Wajerumani waliweka ngome yao hapo hapo.

Basi fikirini, ndugu zangu, mji ulivyokuwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Robo kwa robo, watu wake walikuwa wametoka mahali pengine. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto hakuwa na mjomba wa kusimama katika ndoa yake, hakuwa na shangazi wa kumlilia, wala hakujua kaburi la babu yake liko wapi. Sheria iliyofuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza, lakini sheria humpa mtu uhuru wake tu. Haiwezi kumpa ukoo. Na mtu asiye na ukoo akifa, nani atamwosha? Nani atanunua sanda? Dini yatufundisha kuwa kumzika Muislamu ni faradhi juu ya umma mzima, na wakiitimiza baadhi wengine husamehewa. Ujiji faradhi hii ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa waliokufa bila jamaa walikuwa wengi.

Ndipo vilipofanya kazi vyama. Watu wa asili moja, au wa mtaa mmoja, au wa ngoma moja, walijiunga na kuchangishana. Chama kilishika mahali pa ukoo. Kilizika, kilioza, kilimwangalia mzazi aliyejifungua, kilimlisha mgeni mpaka apate kazi ya uvuvi, ya shamba au ya upagazi. Baada ya reli kufika Kigoma mwezi wa Februari 1914 ilikuwapo kazi ya bandari pia. Katika vyama hivi akina mama walikuwa na sauti kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Wao ndio waliojua ni nyumba gani moto haukuwashwa jana.

Msikilizaji asidhani kwamba twasimulia habari za malaika. Mwaka 1932 vyama viwili hasimu vya Ujiji viligombana kiasi cha serikali kuingilia, na akina mama walikuwamo mbele katika ugomvi ule. Watu walishindania heshima na nafasi, nani mwenyeji zaidi ya nani, kana kwamba wote hawakuwa watoto wa waliokuja. Ugonjwa huu wa kusahau tutakutana nao tena mbele.

Mmoja wa watoto wa Manyema alifika mbali zaidi ya Ujiji. Alichukuliwa akiwa mdogo kutoka pande za Kongo, akafikishwa Bagamoyo, akanunuliwa na bwana mmoja wa Kiarabu wa ukoo wa Lamki. Katika nyumba ile alisoma Kurani na elimu ya dini, akaachwa huru, akafanya biashara. Jina lake Yahya bin Abdallah, nasi twamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Akawa khalifa wa twarika ya Qadiriyya, na maulidi yake ya Bagamoyo yalikusanya watu kutoka kila pembe ya Tanganyika. Alifariki mwaka 1931. Waliokuwa wamezaliwa waungwana walimbusu mkono.

Twarika hiyo hiyo ndiyo iliyobeba msaada kurudi ng'ambo. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Waislamu wa Kasongo, Nyangwe na Kabambare walibaki bila ya masheikh wa kutosha. Serikali ya Kibelgiji iliwatazama kwa shaka, ikawabana walimu na vyuo vyao. Katika miaka ya baina ya vita viwili vikuu vya dunia, walimu wa Qadiriyya kutoka mwambao wetu walivuka ziwa, wengine wakipitia Rumonge, Usumbura na Uvira, wakaingia mpaka ndani ya Manyema kufundisha. Tazameni mzunguko huu: babu alivushwa mashariki akiwa amefungwa, na mjukuu akavuka kwenda magharibi, hali amekwisha kuwa mwalimu. Hakubeba bidhaa ya thamani. Pengine juzuu chache na uradi aliouhifadhi kifuani. Watu waliokuwa wamebanwa walimpokea kama ndugu aliyepotea akapatikana.

Tupige hatua, tuje kwenye zama ambazo wazee wetu wazikumbuka vema.

Mwishoni mwa Aprili 1972 yalianza maasi kusini mwa Burundi, katika nchi ya Rumonge iliyo mwambaoni kama Kigoma ilivyo mwambaoni, na yakafuatwa na mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Katika miaka iliyofuata hesabu yao katika Tanzania ilipita laki moja. Serikali yetu iliwapa makazi bara: Ulyankulu katika Tabora, kisha Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978. Kila jamaa ilipewa ardhi ya kulima, na kwa upande huo wageni wale walionyeshwa soko kama Abdurrahman alivyoonyeshwa. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa na Umoja wa Mataifa Nishani ya Nansen kwa ajili ya kazi hiyo.

Lakini kabla ya malori kuja kuwachukua, wageni wale walikuwa wamekwisha kulala katika nyumba za watu. Na wako ambao malori hayakuwachukua. Walibaki katika vijiji vya mkoa wetu, wakavua dagaa na kulima michikichi pamoja na wenyeji, wakaoana nao. Walipokuja kuandikwa, zaidi ya miaka thelathini baadaye, walikuwa 20,000 na zaidi. Wengi wa waliokimbia mwaka 1972 walikuwa Wakristo. Wengi wa waliowapokea mwambaoni walikuwa Waislamu. Na shirika lililowasaidia katika makazi, lililoanzishwa mwaka 1964, lilikuwa la Kikristo. Sahani ya ugali haikuuliza dini.

Ukarimu huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya Kitanzania vilivyo mpakani, na raia wetu wakafa. Wafanyakazi wa bandari wakakataa kuihudumia mizigo ya Burundi. Watu wa Kigoma hawakuwa matajiri wakitoa ziada yao. Walikuwa maskini waliopigwa kwa sababu ya kuwapokea maskini wenzao.

Oktoba 1993 aliuawa Rais Ndadaye wa Burundi, na mitumbwi ikaonekana tena. Oktoba 1996 vita viliingia Uvira katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, na mwezi uliofuata ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu. Wengi wa walioingia Nyarugusu walikuwa watu wa Kivu ya Kusini, Wabembe wa Fizi wakiwamo. Kwa mtu wa Ujiji mwenye asili ya ng'ambo hawa hawakuwa wageni wa kuambiwa habari zao na redio. Walikuwa na majina ya babu zake. Walitamka maneno ambayo bibi yake aliyatamka akikasirika. Hivyo msaada wa mashirika ulipita njia yake, na msaada wa jamaa ukapita njia nyingine isiyoandikwa popote: nguo za msiba, nauli, chumba cha nyuma, mtoto apelekwaye kusoma chuoni kwa jamaa wa mama yake.

Hapa ndipo ule ugonjwa wa kusahau uliporudi. Wakimbizi walipokuwa wengi, miti ilikatwa, mishahara ya vibarua ilishuka, na palitokea ujambazi wa silaha uliowaumiza wenyeji. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, wala hatuyadharau. Kisha, tangu mwaka 1997, askari waliwakusanya wageni waliokuwa wakiishi vijijini karibu na mpaka na kuwapeleka makambini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa nchini tangu mwaka 1972, wenye wake au waume Watanzania, wenye mashamba na nyumba. Mke alibaki, mume akapakiwa. Mahindi yakaachwa shambani. Wako majirani waliolia, na wako walionyosha kidole ili jirani achukuliwe. Sisi tulioshuhudia miaka ile twajua kuwa baadhi ya vidole vilivyonyoshwa vilikuwa vya watoto wa waliovuka ziwa lile lile.

Kwa watu wa mkoa huu jambo lile lilikuwa na uchungu wa ziada. Kiha na Kirundi ni lugha zenye kufanana sana, na majina ya Ujiji hufanana na majina ya Fizi na Kasongo. Mtu wa Kigoma anayesafiri kwenda miji mingine ya nchi yake hajui ni lini ataulizwa uraia wake. Anayemwonyesha jirani yake kidole humfundisha afisa swali ambalo kesho ataulizwa mwenyewe.

Mwaka 2007 serikali iliwaambia wakimbizi wa 1972 wachague ama kurudi Burundi ama kuomba uraia wa Tanzania. Katika makazi yale matatu ya zamani, wanne katika kila watano walichagua kubaki. Uamuzi wa kuwapa uraia watu wapatao 162,000 ulipitishwa, ukasimamishwa kwa muda, na hati zikaanza kugawiwa mwezi wa Oktoba 2014. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Ni mara chache katika historia ya dunia taifa moja kuwapa wakimbizi wengi kiasi hicho uraia kwa pamoja.

Haikupita miezi mingi, mwaka 2015, Burundi ikachafuka tena. Safari hii waliokimbia walishukia Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani kaskazini ya Gombe, kilichobanwa baina ya ziwa na milima mikali. Hapakuwa na barabara ya gari ya kuwatoa watu pale; ilikuwa ni mguu au chombo cha majini. Katika mwezi wa Mei walikusanyika ufukoni watu wanaokadiriwa kufika 50,000. Walikunywa maji ya ziwa, na ziwa hilo hilo ndilo lililopokea uchafu wao. Kipindupindu kikaingia. Hesabu iliyotolewa katikati ya mwezi ilikuwa vifo 31, na wawili kati ya waliokufa walikuwa Watanzania. Wawili hawa majina yao hayakutangazwa sana. Twawataja leo kwa kuwa maradhi hayakutofautisha mwenyeji na mgeni, na kwa kuwa kijiji kilichokuwa na visima vichache na vyoo vichache hakikufunga mlango.

Iliyowatoa Kagunga ni meli ya Liemba, pamoja na maboti. Wasikilizaji wetu wa bandarini waijua kuliko sisi. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa ajili ya vita vya wakubwa. Ilizamishwa mwaka 1916 na wenyewe Wajerumani, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Mwaka 1997 ilikuwa imewarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Na sasa, ikiwa na miaka mia moja tangu iguse maji, ilitia nanga mbele ya Kagunga kwa kuwa ufuko haukuwa na gati, na mitumbwi ikawapeleka watu kwenye meli, mia sita kwa safari moja, wagonjwa na watoto wakitangulizwa. Walishuka Kigoma, wakapelekwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wakangoja mabasi ya Nyarugusu.

Nyarugusu yenyewe imekuwa na wazee wake. Waliozaliwa humo mwaka wa kwanza wamekwisha kuwa wazazi humo. Na tangu katikati ya miaka ya 2010 maelfu ya Wakongo wa kambi ile wamehamishiwa Marekani, katika miji yenye baridi kali, wakifanya kazi za viwandani na za usiku. Kutoka huko fedha huja kwa simu: ya sanda, ya ada ya shule, ya dawa ya mama aliyebaki Kasulu, ya futari mwezi wa Ramadhani. Huchangishana huko waliko, watu wa Fizi kwa watu wa Fizi, watu wa Uvira kwa watu wa Uvira, na huwa na daftari lao, na mweka hazina wao, na ugomvi wao. Msiba ukitokea, mchango wa kwanza huwa ni wa mazishi.